Pepo Bubu wa Dada Yangu

Bi. Mwamina wa ukurasa wa maswali, pokea salamu zangu na usinichoke mapema, maana sijui nianzie wapi. Anayeandika si mimi, ni jirani yangu Magreti, mke wa Tomasi seremala, yeye kasoma misheni, mimi nasema na yeye anaandika, na nimemwapisha kwa msalaba wake kwamba haya hayatoki humu ndani mpaka yafike kwako.

Naitwa Mwanne, naishi hapa Nachingwea kwenye kambi ya wafanyakazi, mume wangu Seleman anaendesha trekta la kung'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, wengi wamepunguzwa lakini yeye bado yumo. Tuna mtoto wa kike mmoja tu, Zaina, amevunja ungo mwaka huu na mavuno yakiisha anatakiwa achezwe unyago. Sasa kama wewe ni mtu wa pwani huenda hujui, huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mkubwa wa ukoo ni mjomba, baba analisha na kuvisha lakini anayeamua ni mjomba. Mjomba wetu ni Isihaka wa Nanganga, kaka mkubwa wa mama yangu, ndiye aliyetulea baba alipofariki, ana mikorosho mpaka huoni mwisho wake, msikitini husali safu ya mbele na watu wakigombana huenda kwake kupatanishwa. Ameleta neno kwamba Zaina atawekwa ndani nyumbani kwake, kama dada yangu Sikuzani alivyowekwa zamani. Mimi sikuwekwa kwake, mwaka wangu palikuwa na njaa nikachezwa kijijini Mtua kwa bibi, na mpaka juzi nilikuwa nikimwonea dada wivu kwa jambo hilo.

Huyu dada yangu Sikuzani ana pepo, au niseme sote tulijua ana pepo, tangu siku alipotolewa unyagoni. Alitoka ndani kwa mjomba kapakwa mafuta, kavalishwa nguo mpya na shanga, wanawake wanapiga vigelegele, mjomba akamsogelea kumtunza pesa kama ilivyo desturi, na hapo hapo dada akaanguka chini, macho yamemtoka, mdomo uko wazi na neno halitoki. Tukasema pepo. Nani asingesema pepo, Bi. Mwamina? Fundi akaitwa, ubani ukafukizwa, ngoma ya kumpunga ikapigwa, na pepo akishapanda huulizwa jina lake na anachokitaka, lakini huyu akiulizwa anatazama tu. Fundi akasema huyu ni pepo bubu, ni pepo wa ukoo wa mama, hasemi na fundi wala hasemi na mwanamke, atasema na mkubwa wa ukoo peke yake.

Basi kila dada alipoanguka tulituma mtu Nanganga kumwita mjomba. Anakuja kwa baiskeli yake, anaingia ndani na chetezo, mlango unafungwa, na sisi tuko nje tunapiga ngoma na kuimba kwa nguvu zetu zote, fundi alitukataza kupunguza sauti asije pepo akaona haya. Mjomba akitoka anajifuta jasho anasema, "Ametulia." Na kweli tulimkuta ametulia, amelala kimya kageukia ukutani, tukamshukuru mjomba na kumchinjia kuku. Bi. Mwamina, tulimchinjia kuku.

Dada kaolewa mara mbili na mara zote mbili karudishwa, maana mume akifunga mlango tu dada anapiga kelele mtaa mzima unaamka, na harufu ya ubani akiisikia hata kwenye maulidi anatapika, watu wakasema pepo ana wivu hataki dada aolewe. Hana mtoto. Anaishi Mtua peke yake, analima ufuta, analala mlango wazi, na wenzake kisimani humwita Mwenyepepo, hata mimi nimewahi kumwita hivyo kwa utani.

Wiki iliyopita nikamwona huyo anakuja kwa miguu kutoka Mtua, vumbi mpaka magotini, hakutaka hata maji. Akasema, "Mwanne, Zaina haendi Nanganga." Nikamwambia dada, haya ni mambo ya ukoo, mjomba kashasema. Akanitazama kwa utulivu ambao sijauona kwake maisha yangu yote, akasema, "Mie sina pepo. Sijawahi kuwa na pepo hata siku moja. Nyie mlikuwa mnanletea mwenyewe, mkanfungia naye, mkapiga ngoma."

Sikuelewa. Nikamwuliza, mwenyewe nani?

"Mjomba. Nilipowekwa ndani kwake alinfanya mkewe, na mie nlikuwa ntoto. Nikavumilia, nikajua nikitoka yamekwisha. Siku ya kutoka namwona anakuja anacheka, anakuja kuntunza mbele za watu, nguvu zikaniisha. Nyie mkasema pepo. Halafu mkamwita."

Nikasema, dada, sasa mbona hukusema miaka yote hii? Akaniambia, "Nisemeje na ngoma inalia?"

Hapa Magreti ameacha kuandika, ametoka nje kunawa uso, sasa amerudi tunaendelea.

Mimi kwanza sikumwamini. Nikasema moyoni dada amepagawa sasa kweli kweli, halafu nikakumbuka kwamba hajawahi kuanguka siku ambayo mjomba hajatajwa au hajaonekana, hata mara moja, na sisi wote tuliliona hilo na tukalifanya ndiyo ushahidi kwamba pepo anamtaka mjomba. Kesho yake nikapanda lori la mihogo mpaka Nanganga kwa mama yangu, Mwantumu, anaishi kwenye nyumba aliyojengewa na kaka yake. Nilimkuta anapeta choroko. Nikamweleza yote, nalia, na mama hakuacha kupeta. Ungo unapanda unashuka. Nilipomaliza akauliza, "Kakwambia nani?" Nikasema dada mwenyewe. Akasema, "Sikuzani siku hizi maneno mengi. Mambo hayo yamekwisha." Nikasema mama, na Zaina? Akasema, "Zaina ntoto wa ukoo, si wako peke yako. Kaka yangu ndiye anilishaye. Ukilitoa hili nje, radhi yangu huna, na maziwa yangu uliyonyonya nayalaani." Ndipo akaweka ungo chini, akaingia ndani.

Sasa mume wangu sijamwambia. Seleman ni mtu mwema ila hasira zake ziko karibu, nikimwambia atachukua panga, atamkata mzee wa watu na serikali itamnyonga, au atasema ameoa ukoo gani huu na ataniacha. Yeye mwenyewe husema mambo ya unyago ni ya wajomba, baba ni mgeni tu. Na mtoto naye hayuko sawa, zile siku mjomba alipotuletea korosho akalala hapa kwetu, Zaina alianguka bombani na ndoo yake, tangu hapo hali chakula vizuri na usiku anataka kulala na mimi, mama anasema pepo wa mama mkubwa wake anamhamia, ndiyo sababu inafaa awahishwe kwa babu yake huyo aanze kutulizwa mapema. Nikikataa watu wataniuliza sababu, nikisema sababu ukoo wote umeaibika, dada naye ataitwa jina baya zaidi ya hilo alilo nalo.

Bi. Mwamina, mimi nimeshikwa na bumbuazi, napika chakula nasahau chumvi, naitwa siitiki. Nataka uniambie, nikimkatalia mjomba nitakuwa nimekosa radhi ya mama yangu? Na kuna njia ya kumwokoa mtoto bila kuivua nguo familia mbele ya watu? Nijibu upesi, mavuno hayako mbali.

Ni mimi Mwanne, kambini Nachingwea.

*

Mwanangu Mwanne,

Jibu hili nimekupelekea kwa posta siku ile ile barua yako iliponifikia, sikungoja gazeti. Hapa ninalichapa baada ya wewe kuniruhusu, na majina yote nimeyabadili, ya watu na ya vijiji, la Magreti pia, kwa sababu nina hakika hauko peke yako na wapo wengine wanaopiga ngoma.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama nikamaliza nimekaa chini sakafuni. Ukurasa huu umeniletea kila aina ya mambo, wake wenza, wachawi, wake wanaotoroka na wapishi wa Wazungu. Ngoma ya kufunika kilio cha mtoto sikuwahi kuletewa. Nimekaa na barua hiyo mapajani, chai imepoa, nasema peke yangu, jamani, jamani.

Umeniuliza kuhusu radhi. Nitafika huko. Kabla ya hapo nakujibu ambalo hukuuliza, na nakujibu kwa ukali, unisamehe. Katikati ya barua ndefu umenichomekea maneno machache kwamba Zaina alianguka bombani. Alianguka lini? Umesema mwenyewe, siku zile mjomba alipolala kwenu. Umelisema kisha ukapita kama mtu aliyeona nyoka njiani akajidai ameona kamba. Hali chakula vizuri, hataki kulala peke yake, na wewe unaniuliza namna ya kumwokoa *asiende* Nanganga! Mwanne, fungua macho, mwanamke wewe. Hatari haikungoja mtoto aende kwake. Ilikuja na baiskeli ikala ugali wako. Labda hakumgusa, labda alimtisha tu au alimtazama kwa namna ambayo mtoto aliielewa. Namwomba Mungu iwe hivyo. Lakini hujui, na hukuuliza, na hukuuliza kwa sababu unaogopa jibu. Hata mimi ningeogopa. Utauliza hivyo hivyo.

Usimwulize kama ana pepo. Neno pepo lisitamkwe tena nyumbani kwako. Keti naye mnachambua mboga, mikono iwe na kazi ili macho yapate kupumzika, mwambie kwanza kwamba babu wa Nanganga hatakuja tena kulala hapa na kwamba yeye haendi kwake. Hilo mwambie kabla ya swali lolote, alisikie. Kisha mwambie kwamba mama yake mkubwa Sikuzani aliwahi kuumizwa na mtu mzima na hakuwa na kosa. Halafu nyamaza. Akikaa kimya, usimlazimishe, rudia kesho. Akisema, usipige kelele, usimwulize mbona hukusema, swali hilo umeshampa dada yako na majibu yake uliyasikia. Sema, "Nimekuamini." Ukiona ameumizwa mwili, mpeleke misheni ya Mnero kwa wauguzi wa zahanati, wanawake kwa wanawake.

Dada yako sasa. Mtu ambaye mlimfanya mgonjwa ukoo mzima ndiye pekee aliyekuwa mzima. Ametembea kwa miguu kutoka Mtua, mwanamke ambaye kusikia jina la mzee yule tu humwangusha, akaja kulitamka kwa kinywa chake mbele yako kwa sababu ya mtoto ambaye si wa tumbo lake. Na alipolitamka hakuanguka. Umeliona hilo? Mlete akae kwako kama anataka. Chumba chake kisiwe na mlango wa kufungwa kwa nje, weka pazia. Ubani usichome. Mwombe msamaha kwa kifupi, bila kulia sana mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza. Na yule atakayemwita Mwenyepepo mbele yako, mjibu kwamba ana jina.

Mama yako nimemfikiria sana, nimemkasirikia na nimemwonea huruma, vyote kwa pamoja. Ulipomwambia, hakusema ni uwongo. Mama aliyesikia jambo hili kwa mara ya kwanza angetupa ungo na choroko zake uani. Yeye aliuliza kakwambia nani. Alijua, Mwanne. Anakaa nyumba ya kaka yake, anakula mkononi mwa kaka yake, na alishafanya hesabu yake zamani kwamba binti mmoja ataumia na wengine watakula. Inawezekana anajua zaidi ya hapo, inawezekana naye aliwahi kuwa mtoto katika nyumba ya wakubwa wasioulizwa, sijui, usimhoji. Mwachie mlango wazi, siku akichoka kupeta aje akae kwako. Lakini Zaina usimpe.

Mumeo utamwambia. Tena utamwambia mapema, si baada ya mwaka. Unasema atachukua panga. Basi siku hiyo panga liwe kwa Magreti chini ya kitanda, na Tomasi awepo, mwanamume mwenzake, wamshike ikibidi. Mwambie Seleman kwa maneno haya haya: mzee akifa kwa panga atazikwa kama mtu wa safu ya mbele, watu watamlilia, na wewe utanyongwa, na mwanao atabaki bila baba wa kumlinda. Akisema baba ni mgeni, mwambie sawa, mgeni, simama mlangoni ulinde. Ya kwamba atakuacha, sidhani. Akikuacha kwa sababu umemlinda binti yake, utakuwa umejua ulikuwa unaishi na nani.

Halafu nendeni barazani kwa Liwali, wewe, mumeo, na Sikuzani kama yuko tayari, yeye ndiye mwenye neno na asisukumwe. Msiende kwa wazee wa ukoo kwanza. Wazee wa ukoo mkubwa wao ni nani? Ni yeye. Mtamkuta kakaa kwenye mkeka anasuluhisha kesi yake mwenyewe. Sheria ya serikali inalijua kosa hili na ina jina lake na kifungo chake. Labda mtashindwa, miaka imepita, mashahidi walikuwa nje wanaimba. Lakini habari ikishafika barazani, hakuna mama mwingine Nanganga wala Ruangwa nzima atakayempelekea mwali kwa kutojua. Hao mabinti wengine umewafikiria? Ukoo wenu hauna Zaina mmoja.

Na usinilaumie mila. Nimesikia watu wa mjini wakisoma barua kama hizi wanasema, hayo ndiyo mambo ya unyago. Upuuzi. Unyago ni wa wanawake, una somo wake, yule mwanamke anayemfunda mwali, na nyimbo zake na mafunzo yake, wala haukusema popote kwamba mwali afungiwe na mwanamume. Huyo alijificha ndani ya mila kama panya ndani ya ghala. Zaina atachezwa hapo hapo Nachingwea, kambini wamejaa wanawake wa kila kabila, tafuta somo unayemjua tabia yake, na wewe mwenyewe usikae mbali. Mjomba akiuliza, mume wako atajibu. Wewe huna sababu ya kumtolea mtu yule maelezo.

Sasa familia kuvuliwa nguo. Mwanangu, familia yenu ilikwisha kuvuliwa nguo siku Sikuzani alipowekwa ndani. Mlichokuwa nacho tangu hapo ni kelele. Wataongea kisimani, ndiyo, wataongea mpaka ufuta mwingine uive, kisha atatokea wa kutoroka na mke wa mtu nao watahamia huko.

Radhi, kama nilivyoahidi. Mzazi anatiiwa, ila hatiiwi katika dhambi, na kama hunisadiki mimi kamwulize sheikh yeyote, usimtajie majina. Mama yako amekwambia utoe mtoto au ukose radhi. Radhi ya namna hiyo iache kwake, Mwanne. Utaishi bila hiyo, utalala usingizi, na chakula chako kitarudi kuwa na chumvi. Usiku wa kwanza utalia. Lia, mumeo akushike.

Mengine utaniandikia, na nitakujibu kila mara, gazeti likiwapo au lisiwepo. Lakini najua jibu hili unasomewa, na najua unapenda lisomwe tena kutoka mwanzo ili ile kazi ngumu isogee mbele kidogo. Hapana. Magreti, mama, kunja karatasi hapo ulipofika. Mwanne, inuka, kamwite mtoto.